Sura ya Sita: Njia ya Kutoka Mukuru Hadi Jukwaani

Mukuru kwa Reuben ni mtaa wa mabanda, yaani makazi ya nyumba za mabati zilizobanana kwenye ardhi ambayo wengi wa wakazi hawana hatimiliki yake, na unapatikana katika eneobunge la Embakasi Kusini, kati ya viwanda vya Industrial Area na kingo za Mto Ngong. Wakazi wake wengi hufanya vibarua katika viwanda hivyo, katika ujenzi, au katika biashara ndogondogo za rejareja, na mazungumzo yao ya jioni, kuanzia kwa vinyozi hadi kwenye vituo vya bodaboda, hayaendi mbali kabla ya kuufikia mpira. Hata hivyo, mtaa huu ambao hauko mbali na viwanja viwili vilivyobeba historia ya kandanda ya Kenya, yaani Uwanja wa City kando ya Barabara ya Jogoo na Uwanja wa Kitaifa wa Nyayo, hupeleka mashabiki wachache kwenye mechi za Ligi Kuu ya nchi, na majukwaa ya ligi hiyo, isipokuwa siku za mechi chache kubwa, huwa na nafasi tele. Lawama ya kwanza huelekezwa kwa televisheni na mpira wa Uingereza. Hoja ya sura hii ni kwamba televisheni iliingia katika nafasi iliyokuwa imekwisha kuachwa wazi na mambo mengine, na kwamba zito kuliko yote, ingawa ndilo linalotajwa kwa nadra, ni kukosekana kwa kiwanja cha mtaani.

Mashabiki waliojaza majukwaa ya Nairobi katika miaka ya 1960 hadi 1980 walitoka kwa wingi katika mitaa ya Eastlands, jina linalojumlisha maeneo ya mashariki ya jiji ambako serikali ya kikoloni, halmashauri ya jiji na Shirika la Reli ziliwajengea wafanyakazi Waafrika nyumba za kupanga. Kaloleni, Ziwani, Shauri Moyo, Makongeni, Bahati, Maringo na Jericho zilikuwa na vyumba vidogo na masharti makali, na hakuna sababu ya kuyatamani maisha ya wakati ule. Lakini waliozichora waliacha uwazi kati ya safu za nyumba, na mitaa kadhaa ikapata ukumbi wa jamii na kiwanja cha mpira. Mtoto wa mitaa hiyo alicheza mlangoni kwao, akakua akiitazama timu ya mtaa wake kila wikendi, akamwona jirani yake akichukuliwa na klabu kubwa, kisha akamfuata jirani huyo hadi Uwanja wa City, ambao ulifikika kwa miguu. McDonald Mariga na Victor Wanyama, ambao baba yao Noah Wanyama aliichezea AFC Leopards, walilelewa Muthurwa, mtaa wa wafanyakazi wa reli usio mbali na uwanja huo, kabla ya mmoja kutwaa taji la Ulaya akiwa na Inter Milan mwaka 2010 na mwingine kuwa Mkenya wa kwanza kucheza Ligi Kuu ya Uingereza alipojiunga na Southampton mwaka 2013. Kwa shabiki wa namna hiyo, kwenda uwanjani hakukuwa safari ya kupangiwa bajeti. Kulikuwa mwendelezo wa alichokuwa akikifanya mtaani kwake tangu utotoni. Hata redio ilimsukuma upande huo huo, kwa sababu msemo wa watangazaji kuhusu mchezaji Joe Kadenge, ule wa "Kadenge na mpira", ulimtaja mtu ambaye msikilizaji angeweza kumwona kwa macho yake Jumamosi iliyofuata.

Mukuru ilikua kwa namna nyingine kabisa. Ardhi yake ilikuwa imegawiwa watu binafsi na kampuni kwa ajili ya viwanda vidogo, na sehemu kubwa haikuendelezwa, hivyo wafanyakazi waliohitaji makazi yaliyo karibu na kazi wakajenga au wakapanga humo bila mpango wowote wa serikali, na kila pengo lililobaki likapata chumba kwa sababu chumba huleta kodi ilhali kiwanja hakileti. Serikali ya Kaunti ya Nairobi ilipoitangaza Mukuru kuwa eneo maalumu la mipango mnamo Agosti 2017, hatua iliyohusu Kwa Njenga, Kwa Reuben na Viwandani kwa pamoja, hesabu iliyofanywa ilionyesha kaya zipatazo 100,000 kwenye ardhi ya ekari mia sita na kitu. Katika msongamano wa kiasi hicho, watoto hucheza kwenye vichochoro, kando ya barabara na katika nyua za shule pale walimu wanaporuhusu, na timu za vijana hulazimika kutafuta kiwanja nje ya mtaa na kugawana saa na timu nyingine. Mtoto anaweza kukua Kwa Reuben hadi akawa kijana mpenzi wa mpira bila kuwahi kuona mechi kamili ya wachezaji 22 kwenye kiwanja cha mtaa wake. Anayekosa mazoea ya kusimama kando ya mstari akiwa na miaka 8 hapati kwa urahisi mazoea ya kuketi jukwaani akiwa na miaka 25, na mitaa ya namna hii ndiyo ambamo sehemu kubwa ya vijana wa Nairobi wamezaliwa katika miongo mitatu iliyopita.

Kilichompokea kijana huyo ni banda la video. Hili ni chumba kirefu cha mabati chenye mabenchi ya mbao, skrini mbili au tatu ukutani, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki mechi za siku na saa zake. Wenzao wa Tanzania huliita kibanda umiza. Kiingilio huwa kati ya shilingi 20 na 50, na umeme katika mitaa kama hii mara nyingi umekuwa ule unaoitwa sambaza, yaani uliounganishwa kinyume cha utaratibu kutoka waya wa jirani. Mabanda haya yalienea baada ya Ligi Kuu ya Uingereza kuanzishwa mwaka 1992 na matangazo ya setilaiti kufika Afrika Mashariki, na yakapata msukumo mwingine mwaka 2007 wakati kampuni ya GTV ilipoleta matangazo hayo kwa bei nafuu, kabla ya kufilisika Januari 2009 na kuwaachia wenye mabanda wateja ambao tayari wameshazoea. Wanaoliona banda kuwa mahali pa kutazama tu hawalielewi. Kila timu ina upande wake wa mabenchi, watu wana nafasi zao zinazojulikana, mashabiki wa Arsenal na wa Manchester United wana madeni ya kejeli yanayolipwa wiki baada ya wiki, na mtu akikosekana mara mbili huulizwa alikokuwa. Yale ambayo Uwanja wa City ulimpa mkazi wa Kaloleni, yaani kelele, ubishi, na kundi la watu wanaomjua, mkazi wa Kwa Reuben huyapata hatua chache kutoka nyumbani kwake. Kwa maana hiyo, kumwita shabiki wa banda mvivu au mtumwa wa wageni ni kumkosea haki, kwa kuwa naye hutoka nyumbani, hulipa kiingilio na hukaa na wenzake.

Ushindani kati ya banda na jukwaa unakuwa mkali zaidi kwa sababu ya saa. Mechi nyingi za Ligi Kuu ya Kenya huchezwa mchana na alasiri ya wikendi, na mechi ya kwanza ya Jumamosi nchini Uingereza huonekana Nairobi saa nane na nusu au saa tisa na nusu alasiri, kutegemea majira ya huko, huku zile za katikati zikianza saa kumi na moja au saa kumi na mbili jioni. Kibarua wa kiwandani ambaye Jumamosi hutoka kazini mchana ana saa chache mno kabla ya giza, na akizitumia kwenda Uwanja wa Kasarani na kurudi, atakuwa amezikosa mechi mbili za banda ili kuona moja. Afadhali hata angekuwa na uhakika kwamba hiyo moja itachezwa, kwani ligi ya nyumbani imekuwa na desturi mbaya ya kubadilisha tarehe na uwanja siku chache kabla ya mechi, na mtu wa kipato kidogo hawezi kuibahatisha wikendi yake.

Kisha kuna gharama. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa kawaida jijini Nairobi kiliwekwa kuwa takriban shilingi 15,200 kwa mwezi mwaka 2022, kiasi ambacho kikigawanywa kwa siku 26 za kazi hakifikii shilingi 600 kwa siku, na wapo wengi Kwa Reuben ambao hulipwa kwa siku waliyoitwa pekee. Tiketi ya kawaida ya mechi ya ligi ya shilingi 200, pamoja na nauli ya kwenda na kurudi, ambayo kwa Kasarani humaanisha matatu mbili kila upande na ambayo hupandishwa pindi makondakta wanapoona jezi nyingi barabarani, huondoa zaidi ya nusu ya ujira wa siku kabla mtu hajanunua hata maji. Kwa fedha hizo anaweza kwenda bandani mwezi mzima. Nyayo angeweza kufika kwa miguu kupitia barabara za Industrial Area, lakini uwanja huo nao ulifungwa kwa ukarabati kuanzia mwaka 2017 hadi 2020, ukafungwa tena pamoja na Kasarani kwa matayarisho ya mashindano ya bara, na klabu za Nairobi zikawa zinahamahama kati ya Machakos, Thika, Dandora na kwingineko. Timu ya taifa yenyewe, Harambee Stars, ilipoteza makao: mwezi Juni 2024 ilicheza mechi zake za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia dhidi ya Burundi na Côte d'Ivoire huko Lilongwe, Malawi, na mwezi Oktoba ikaipokea Cameroon mjini Kampala. Wakenya walirudi kuiona ikicheza nyumbani, katika uwanja wa Nyayo, dhidi ya Gabon Machi 2025. Kizazi kinacholaumiwa kwa kutokwenda uwanjani kilipitisha miaka kadhaa bila uwanja wa kwenda.

Usalama ni jambo ambalo mashabiki wenyewe hulitaja mapema, na historia inawapa sababu. Tarehe 23 Oktoba 2010, katika debi ya Mashemeji, jina la mechi kati ya Gor Mahia na AFC Leopards, watu saba walifariki Nyayo katika msongamano wa langoni. Walikuwa wamekwenda kutazama mpira na hawakurudi makwao, na ni vigumu kuona jinsi kifo cha aina hiyo kingepita bila kuacha alama katika familia za mitaa walikotoka mashabiki wengi. Kabla na baada ya siku ile kumekuwa na mechi zilizovunjika kwa mawe na vitoa machozi, wizi wa simu kwenye foleni, na msafara wa mashabiki unaowafanya wenye maduka wafunge milango. Wanawake hubeba sehemu kubwa ya mzigo huo: matusi, kushikwashikwa katika msukumano, na vyoo visivyofaa. Banda nalo si mahali pa starehe kwa wanawake, na hilo halipaswi kufichwa, ila mama anayemruhusu kijana wake kwenda bandani anajua mlango alioingilia na anaweza kumtuma mdogo wake akamwite, jambo lisilowezekana akiwa Kasarani usiku unapoingia.

Mengine yalitokea ndani ya mchezo wenyewe na yanaweza kuelezwa kwa ufupi, kwa kuwa yanajulikana. Kampuni ya SuperSport, iliyoipa ligi fedha na kamera kwa miaka kadhaa, iliondoka mwaka 2017. SportPesa, kampuni ya kamari iliyowadhamini Gor Mahia na AFC Leopards, ilijiondoa mwaka 2019 katika mgogoro na serikali kuhusu kodi na leseni, na wachezaji wakaanza kukaa miezi bila mshahara. Korona ilifunga milango ya viwanja mwaka 2020. Novemba 2021 Wizara ya Michezo ikaivunja ofisi ya shirikisho la soka, FIFA ikaifungia Kenya kuanzia Februari hadi Novemba 2022, na mwaka 2021 huo huo klabu ya Zoo ya Kericho ilikuwa imeondolewa ligini kwa upangaji matokeo, yaani wachezaji au viongozi kukubaliana matokeo kabla ya mechi kwa ajili ya fedha. Hili la mwisho lina sumu yake ya pekee. Shabiki huvumilia timu mbovu kwa miaka, lakini akishaanza kujiuliza kama kipa aliuacha mpira makusudi, furaha na huzuni yake vyote vinapoteza maana. Na kwa kuwa kijana wa Kwa Reuben huweka dau kwa simu yake kwenye mechi za Uingereza, Uhispania na hata nchi ambazo hajawahi kuzitafuta kwenye ramani, kamari humfunga kwenye skrini zinazoonyesha matokeo ya mechi kumi kwa wakati mmoja, ilhali jukwaa humwonyesha moja.

Suala la kumiliki timu ni gumu zaidi na linahitaji kutajwa kwa uangalifu. AFC Leopards ilianzishwa mwaka 1964 kama klabu ya Abaluhya, na Gor Mahia ilianzishwa mwaka 1968 na jamii ya Waluo. Amri ya kuondoa majina ya kikabila ilipokuja, herufi za AFC zikapewa maana nyingine na Gor Mahia ikaitwa kwa muda Gulf Olympic Rangers. Klabu hizi zilikuwa nyumba ya pili kwa wahamiaji waliofika jijini wakiwa peke yao, na nguvu hiyo ndiyo iliyojaza majukwaa wakati Leopards ilipotwaa Kombe la Klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1982, 1983 na 1984, na Gor Mahia ilipochukua Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987 kwa kuiondoa Espérance ya Tunisia. Mukuru, hata hivyo, imejaa pia familia zilizotoka Ukambani, Kisii na Mlima Kenya, ambazo hazina klabu ya namna hiyo jijini, na watoto wao waliozaliwa Nairobi hawakurithi timu. Chelsea na Arsenal hazimuulizi mtu kwao ni wapi. Katika mtaa ulioonja machafuko ya baada ya uchaguzi wa 2007, si jambo dogo kwamba mahali pa kubishana kwa sauti pawe na pande ambazo hazifuati ukoo wa mtu. Klabu za mitaa zingeweza kuziba nafasi hiyo, na Mathare United, iliyozaliwa mwaka 1994 kutokana na chama cha vijana cha MYSA na kutwaa ubingwa wa ligi mwaka 2008, ilionyesha kwamba mtaa wa mabanda unaweza kuwa na timu yake bila kuuliza kabila. MYSA ilianza kwa kusafisha mazingira na kutafuta viwanja vya watoto, miaka saba kabla ya kuwa na timu kubwa. Mpangilio huo wa hatua ndio uliokosekana Mukuru.

Kama televisheni ingekuwa ndiyo chanzo, Dar es Salaam ingekuwa na majukwaa matupu kuliko Nairobi. Mechi za Simba na Yanga huonyeshwa moja kwa moja, na mwaka 2021 Azam Media ilisaini mkataba wa miaka 10 na shirikisho la Tanzania wenye thamani ya zaidi ya shilingi bilioni 225 za nchi hiyo. Bado Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000 hujaa siku ya kuwatambulisha wachezaji wapya, kabla hata ligi haijaanza. Tofauti ni kwamba klabu zile zina matawi yanayokutana mitaani, ratiba inayofahamika, magazeti na redio zinazozizungumzia kila siku, na mafanikio ya karibu: Yanga ilicheza fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika mwaka 2023 na Simba ikaicheza mwaka 2025. Katika hali hiyo televisheni huwa inaalika watu uwanjani. Kenya yenyewe ilionja kitu kama hicho mwaka 2013, Gor Mahia ilipotwaa ubingwa baada ya kuukosa tangu 1995 na jezi za kijani zikarudi kwenye matatu za Barabara ya Jogoo.

Ushahidi wa nguvu zaidi unatoka karibu. Kila mwisho wa mwaka, tangu miaka ya 1970, mashindano ya Koth Biro huchezwa kwenye uwanja wa Umeme huko Ziwani, ambako wachezaji wa ligi walio mapumzikoni huungana na vijana wa mitaani, na watu husimama wakiuzunguka mstari, wengine juu ya kuta na paa, bila kiti na bila kivuli. Kisha Agosti 2025 Kenya, Tanzania na Uganda ziliandaa CHAN, mashindano ya Afrika kwa wachezaji wanaocheza katika ligi za nyumbani pekee, na Harambee Stars chini ya kocha Benni McCarthy ikazifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Morocco na Zambia bao moja kwa bila kila moja kabla ya kutolewa na Madagascar kwa penalti katika robo fainali. Tiketi ya chini iliuzwa shilingi 200, ile ile ya ligi, na Kasarani ikafurika hadi watu wasio na tiketi wakavunja vizuizi na shirikisho la Afrika likapunguza idadi ya tiketi zilizoruhusiwa. Wachezaji wa timu ile walikuwa ni wale wale ambao wiki nyingine hucheza mbele ya watu wachache, na wengi wa waliowashangilia walikuwa wakiwaona ana kwa ana kwa mara ya kwanza.

Nchi hizo tatu zitaandaa Kombe la Mataifa ya Afrika mwaka 2027, na kwa ajili hiyo Uwanja wa Talanta wenye nafasi 60,000 unajengwa kando ya Barabara ya Ngong, upande wa pili wa jiji ukilinganisha na Mukuru. Ni uwanja unaostahili kujengwa, na timu ya taifa itaujaza. Mechi ya ligi ya Jumapili ya kawaida ni jambo jingine, kwani kwa mkazi wa Kwa Reuben Talanta itakuwa na hesabu ile ile ya matatu mbili na nusu ya ujira, huku Uwanja wa City, uliopewa jina la Joe Kadenge baada ya kifo chake Julai 2019 na ambao angeweza kuufikia kwa miguu, ukikaa katika ahadi za ukarabati zinazorudiwa na kila utawala wa jiji. Mpango wa Mukuru uliotokana na tangazo la 2017 ulileta barabara za lami, mabomba ya maji na ya majitaka, na kila kimoja kilihitajika zaidi ya mpira. Hatua iliyobaki ni kipande cha ardhi cha mita 100 kwa 60 ndani ya Kwa Reuben, kilichosajiliwa kwa jina la umma ili asipatikane wa kukijengea vyumba, chenye mistari, magoli mawili na ratiba ya wikendi, na gharama yake, ikiwekwa kando ya ile ya Talanta, ni ndogo kiasi kwamba ingeweza kutoka katika bajeti ya wadi.